Mwale Nje ya Maabara: Historia ya Mitandao ya Kujaribia Antena za Kuelekezwa

Mawimbi ya redio yakitoka kwenye antena ya kawaida husambaa pande zote. Anayesubiri ujumbe yuko upande mmoja tu, kwa hiyo nguvu iliyokwenda kwingine imepotea bure, na mara nyingi inakwenda kumsumbua mtu mwingine. Ndiyo maana tangu siku za mwanzo za redio wahandisi walitaka kuyakusanya mawimbi yawe mwale mmoja, kisha waugeuze mwale huo watakako bila kuigusa antena yenyewe. Hesabu za jambo hilo zilijulikana mapema. Kilichokula miaka, fedha na jasho ni kujua mwale huo unafanya nini unapokutana na kuta, miti, mvua, tabaka za juu za anga na mawimbi ya watu wengine. Historia ya antena hizi ni historia ya watu waliokubali kutoka nje, wakasimamisha vyombo vyao kwenye mashamba na juu ya mapaa, wakapima.

Strasbourg, 1905

Ferdinand Braun alikuwa profesa wa fizikia huko Strasbourg, mji uliokuwa chini ya Ujerumani wakati huo. Mwaka 1905 alisimamisha antena tatu zikiwa katika umbo la pembetatu, akazilisha umeme kwa namna ambayo moja ilichelewa kidogo nyuma ya nyingine. Ucheleweshaji huo ndio kiini cha mambo yote yatakayofuata. Mawimbi ya antena kadhaa yakifika mahali kwa wakati mmoja, yakipanda na kushuka pamoja, nguvu zake hujumlishwa, kama wavuvi wanaovuta juya kwa mkupuo mmoja. Yakifika kwa kupishana, moja likipanda wakati jingine linashuka, hufutana. Kwa hiyo anayetawala ucheleweshaji wa kila antena anatawala upande ambao sauti itakuwa kubwa na upande ambao kutakuwa kimya. Braun aliweza kuhamisha mwelekeo kwa kubadilisha tu ni antena ipi ichelewe.

Mwaka 1909 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Guglielmo Marconi, na katika mhadhara wake aliyaeleza majaribio hayo. Lakini wazo lilikuwa limetangulia vyombo. Vikuza sauti vya uhakika havikuwepo, na biashara ya redio ilitaka umbali kwanza. Kampuni ya Marconi ilipofungua vituo vyake vya mwale, kikiwemo kile cha Bodmin kilichoanza kuzungumza na Kanada Oktoba 1926, miale hiyo ilikuwa mikali kweli, ila haikugeuka. Nguzo zikishasimikwa kuelekea Kanada, zilielekea Kanada daima.

Kilomita tatu za nguzo: New Jersey, 1927 hadi 1956

Msukumo wa kutaka mwale unaogeuka ulitoka kwenye simu. Januari 7, 1927, simu ya redio kati ya New York na London ilifunguliwa kwa umma kwa bei ya dola 75 kwa dakika tatu. Muda mfupi baadaye mazungumzo mengi yalihamishiwa kwenye mawimbi mafupi, ambayo huruka kwenda juu, yakagonga tabaka la ionosfea, yakarudi baharini, yakaruka tena. Hapo tatizo lilijitokeza. Sauti ileile ilifika Marekani kwa njia kadhaa kwa pamoja: nyingine imeruka mara mbili, nyingine mara tatu, kila moja na pembe yake na kuchelewa kwake. Njia hizo zikikutana kwenye antena moja zinafutana na kujumlishwa ovyo. Mteja aliyelipa dola 75 alisikia sauti ya mwenzake ikizama, ikiibuka, ikipotoka.

Maabara za Bell zilikuwa na kituo cha majaribio mashambani Holmdel, jimbo la New Jersey. Hapo ndipo Karl Jansky alipojenga antena yenye urefu wa karibu mita 30, akaiweka juu ya magurudumu ya gari aina ya Ford Model T, ikawa inazunguka mzunguko mmoja kila dakika 20. Alikuwa anatafuta chanzo cha kelele zinazoharibu simu za Atlantiki. Mwaka 1933 alitangaza kwamba sehemu ya kelele hizo inatoka nje ya dunia, kutoka upande wa katikati ya galaksi yetu, Njia Nyeupe. Sayansi nzima ya astronomia ya redio ilizaliwa pale, kwa sababu tu mtu alikuwa na antena nje inayoweza kugeuka na subira ya kuandika ilichosikia.

Wenzake hapo Holmdel, Harald Friis na Carl Feldman, walilishika tatizo la simu kwa njia nyingine. Kama kila njia ya sauti inaingia kwa pembe yake, walisema, basi tutengeneze mwale mwembamba kiasi cha kuchagua njia moja na kuziacha nyingine. Na kwa kuwa pembe hizo hubadilika saa hadi saa, mwale lazima ufuate. Walisimamisha antena sita zenye umbo la msambamba kwenye mstari mmoja wa kilomita 1.2, ukielekea Uingereza. Mfumo huo waliuita MUSA, na makala yao ya Julai 1937 bado inafaa kusomwa na yeyote anayeingia kwenye kazi hii.

Inafaa kuutazama kwa karibu. Kila antena ilileta mawimbi yake kwa kebo yake hadi kwenye nyumba moja ya vipokezi. Humo ndani, vifaa vya kuchelewesha awamu viligeuzwa kwa pamoja, na kwa kuvigeuza, mwale uliokuwa nje ukapanda au kushuka angani bila nguzo hata moja kusogea. Mawimbi yaleyale yaligawanywa kwenye matawi kadhaa. Tawi moja halikupokea mazungumzo kabisa: kazi yake ilikuwa kupepesa pembe zote bila kukoma na kuchora kwenye kioo cha elektroni picha ya pembe zipi zina sauti kwa wakati huo. Mtaalamu aliyekaa mbele ya kioo aliona vilima vikipanda na kushuka, kisha akayaelekeza matawi mengine kwenye vilima vilivyo bora. Sauti ya njia iliyotangulia ilicheleweshwa kusubiri ile ya njia ndefu, ndipo zikaunganishwa. Mawasiliano ya leo yanayotumia njia nyingi kwa faida badala ya kuzikimbia yana babu yake hapo.

Jaribio lilifaulu, ikajengwa kubwa zaidi huko Manahawkin, ufukweni mwa New Jersey: antena 16 kwenye mstari wa zaidi ya kilomita tatu. Iliishi kwa muda wake, hadi hitaji lenyewe lilipoondoka. Septemba 25, 1956, kebo ya kwanza ya simu chini ya Atlantiki, TAT-1, ilifunguliwa, na sauti zilizopita baharini hazikujua habari za ionosfea. Antena za kuelekezwa zilishindwa na waya. Ushindani huo wa mwale na waya haujaisha hadi leo.

Miaka ya rada

Kipindi kinachofuata nakipitia haraka, kwa kuwa sehemu kubwa ilikuwa kazi ya jeshi na iliangalia shabaha, si mazungumzo. Vita Kuu ya Pili ilileta rada za safu za antena, na vita baridi ikazifanya kuwa majengo makubwa yanayochungulia makombora. Faida iliyobaki kwa mawasiliano ni hesabu. Mwaka 1967 Bernard Widrow wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walionyesha jinsi safu ya antena inavyoweza kujirekebisha yenyewe, ikajifunza kuelekea anayetakiwa na kumziba anayesumbua. Hata hivyo, safu moja inayotazama anga haiwezi kufundisha kinachotokea pale ambapo antena kumi, kila moja na mwale wake, zinagombea hewa moja. Kwa hilo ulihitajika mtandao.

Kutoka garini hadi juu ya mapaa, 1976 hadi 2005

Mtandao wa redio uliogawanya data kwenye pakiti ulianza kutoka nje Marekani katikati ya miaka ya 1970, kwa fedha za DARPA, wakala wa utafiti wa jeshi. Taasisi ya SRI ilizungusha gari lililojaa redio katika eneo la Ghuba ya San Francisco, huku vituo vya kurudufu mawimbi vikiwa vilimani. Agosti 1976 waliegesha karibu na baa ya Rossotti's, wakaweka kompyuta juu ya meza ya nje, wakatuma ripoti kupitia mitandao miwili iliyounganishwa. Antena zao zilisambaza pande zote, lakini utamaduni ulikuwa umeshazaliwa: mtandao mpya hupimwa barabarani.

Mwaka 1985 FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, iliruhusu matumizi ya masafa kadhaa bila leseni, yakiwemo yale ya karibu na gigahezi 2.4. Uamuzi huo ndio uliozaa Wi-Fi, na kwa watafiti ulikuwa na maana ya pekee. Redio iliyokuwa ikigharimu bajeti ya idara nzima ikawa kadi ya kuchomeka kwenye kompyuta, na mwanafunzi hakuhitaji kibali cha masafa ili kurusha mawimbi kutoka kwenye paa.

Walioitumia nafasi hiyo kwa ujasiri zaidi ni kundi la Roofnet la Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, MIT. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 waliwagawia watu wa kujitolea mjini Cambridge vifurushi vya antena na kompyuta ndogo, wakafikia nodi zaidi ya 30 juu ya nyumba. Kwa makusudi walichagua antena za pande zote, kwa sababu mtu wa kawaida hawezi kuambiwa apande juu na kulenga nyumba asiyoijua. Vipimo vyao vya mwaka 2004 viliwashtua wengi: upotevu wa pakiti haukufuata umbali, wala nguvu ya mawimbi peke yake. Mwangwi wa majengo, yaani adui yuleyule wa Friis na Feldman, ulikuwa umerudi katikati ya mji.

Upande wa pili wa dunia, Bhaskaran Raman na wenzake wa IIT Kanpur, India, walijenga mtandao wa vijijini kwa antena za sahani juu ya minara, kiungo kimoja kikifika karibu kilomita 39. Kule mwale ulikuwa mwembamba ila umefungwa mahali pamoja. Waligundua kwamba kanuni za Wi-Fi, zilizoandikwa kwa ajili ya ofisi, zinaua mtandao wa namna hiyo, wakaandika itifaki yao inayozifanya antena zote za mnara mmoja zirushe kwa pamoja na zipokee kwa pamoja. Hakuna aliyeweza kuliona hitaji hilo akiwa maabara.

Boulder, na mwisho wa kuamini duara

Wakati huohuo, kwenye karatasi, antena za kuelekezwa zilikuwa zinashinda kila kitu. Kuanzia mwaka 2000 makala nyingi zilieleza itifaki za mitandao ya miale, na uigaji wa kompyuta ulionyesha kasi ikipanda mara nyingi. Makala hizo zilifichua pia ugonjwa mpya, uziwi. Nodi iliyoelekeza mwale wake mashariki haisikii anayeiita kutoka magharibi. Anayeita, asipojibiwa, hudhani kuna msongamano. Anasubiri, anaita tena, anasubiri mara mbili zaidi, mwisho anakata tamaa na kuhesabu kwamba jirani yake amekufa.

Tatizo kubwa zaidi lilikuwa kwenye picha ya mwale wenyewe. Waigaji wengi waliuchora kama kipande cha keki: ndani yake nguvu kamili, nje yake kimya, au duara dogo la mabaki. Kundi la Ram Ramanathan wa kampuni ya BBN lilikuwa kati ya wachache waliotoka na mfumo kamili hadi uwanjani. Mwaka 2007 watafiti wa Stony Brook, New York, walifunga antena ya safu juu ya gari katika mradi walioupa jina MobiSteer. Vipimo vyao vilionyesha muda wa gari kuunganishwa na vituo vya Wi-Fi vya barabarani ukiongezeka zaidi ya mara mbili.

Antena waliyotumia ilikuwa Phocus ya kampuni ya Fidelity Comtech: vipande vinane vilivyopangwa kwa mduara, vinavyoweza kutoa mwale katika mielekeo 16 pamoja na hali moja ya pande zote, na kuhama kutoka mwelekeo mmoja hadi mwingine kwa muda mfupi kuliko elfu moja ya sekunde. Chuo Kikuu cha Colorado, Boulder, kilizichukua antena za aina hiyo na kufanya jambo ambalo halikuwa limezoeleka: kuzijenga kuwa mtandao wa kudumu wa nje, nodi nane juu ya mapaa, mali ya utafiti. Mtandao huo uliitwa WART. Waliousimamia, Eric Anderson, Caleb Phillips, Gary Yee, Douglas Sicker na Dirk Grunwald, mwaka 2010 walichapisha makala ambayo kichwa chake kilisema wazi kuwa inahusu changamoto za kujenga mitandao hiyo. Naiheshimu sana hatua hiyo. Watafiti wengi huchapisha matokeo na kuficha ngazi waliyopandia.

Kazi ya aina hii ina mambo ambayo hayamo kwenye vitabu vya mawimbi. Paa ni la mtu, na mwenye paa anataka kujua uzito, upepo, na nani atalipa likivuja. Radi inapenda vyuma virefu. Nodi ikigoma saa nane za usiku wakati wa theluji, ni lazima kuwe na njia ya kuizima na kuiwasha kwa mbali. Na kila antena inatakiwa ijue kaskazini iko wapi, kwani digrii chache za makosa kwenye mlingoti zinaharibu ramani nzima ya vipimo.

Kundi la Boulder lilikuwa limepima pia, mwaka 2009, jinsi mazingira yanavyoubadilisha mwale. Antena ileile iliyotoa umbo safi mahali pa wazi ilitoa umbo jingine kabisa kati ya majengo, kwa sababu mawimbi yaliyogonga ukuta yalifika kutoka pande ambazo mwale haukuelekezwa. Kipande cha keki hakipo. Mwale wa kweli ni wa antena na mahali ilipo kwa pamoja, na itifaki iliyojengwa juu ya duara safi inaweza kufaulu kwenye skrini na kuanguka barabarani. Hii ndiyo hukumu muhimu kuliko zote katika historia hii.

Mitaa ya New York, 2012 na kuendelea

Simu za mkononi zilipoishiwa na masafa, macho yaligeukia mawimbi ya milimita, ya gigahezi 28 na kuendelea. Wengi waliamini hayafai nje, kwamba yatakufa kwenye ukuta wa kwanza. Theodore Rappaport na wanafunzi wake walianza Austin, Texas, kwa gigahezi 38, kisha kiangazi cha 2012 wakaingia mitaa ya New York kwa gigahezi 28. Walibeba antena za pembe juu ya vizungushio, wakazigeuza upande baada ya upande, kituo baada ya kituo. Kioo chenye rangi kwenye jengo moja kilikata desibeli 40, yaani kilipitisha sehemu moja tu kati ya elfu kumi za nguvu iliyofika. Lakini kioo hichohicho, kwa kukataa kupitisha, kilirudisha mawimbi barabarani. Mwale ulioelekezwa ukutani kwa pembe sahihi uliweza kumfikia mtu aliye nyuma ya kona, hadi umbali wa karibu mita 200. Makala yao ya 2013 ilisema kwa kujiamini kwamba mfumo huo utafanya kazi, na viwanda vikaifuata. 5G ya mawimbi ya milimita imesimama juu ya vipimo vya aina hiyo.

Ndipo serikali ya Marekani ikaanza kulipia mitandao ya nje kama miundombinu ya sayansi. Mwaka 2018 mpango wa PAWR ulichagua miji miwili ya kwanza: Salt Lake City, ambako mradi wa POWDER uliweka nodi hata kwenye mabasi ya chuo, na New York, ambako mradi wa COSMOS wa vyuo vya Rutgers, Columbia na New York ulijengwa Harlem Magharibi, ukiwa na safu za antena za gigahezi 28 zilizotengenezwa pamoja na IBM. Kile ambacho Boulder ilifanya kwa nodi nane sasa ni mtaa mzima, na mtafiti aliye mbali anaweza kuendesha jaribio akiwa mezani kwake.

Anga la Kenya

Afrika Mashariki iliingia katika historia hii kwa njia ya juu. Julai 2020 kampuni ya Loon, ikishirikiana na Telkom Kenya, ilianza kutoa 4G kwa maputo yapatayo 35 yaliyoelea karibu kilomita 20 juu ya ardhi, yakihudumia eneo la kilomita za mraba 50,000 kuanzia Nakuru na Baringo hadi Kisumu, Kakamega na Narok. Maputo yalibebwa na upepo. Ili mawasiliano yasikatike, antena zake zililazimika kugeuka bila kukoma, kutafuta kituo cha ardhini au puto jirani, na programu moja ikipanga nani amwelekee nani kabla upepo haujabadilika. Huduma ilifungwa Machi 1, 2021, kwa kuwa haikuonekana njia ya kuifanya ijilipe. Teknolojia yake ya miale ya mwanga iliendelea katika mradi wa Taara, ambao mwaka huohuo uliunganisha Brazzaville na Kinshasa juu ya Mto Kongo kwa mwale unaolengwa na vioo, umbali wa karibu kilomita tano.

Mwaka 2023 Starlink, huduma ya intaneti ya setilaiti, ilifunguliwa Rwanda na Kenya. Kisahani chake kinachokaa juu ya paa la duka au shule kina zaidi ya antena ndogo 1,000, na kinaifuata setilaiti kwa ucheleweshaji uleule wa Braun. Chombo ambacho kizazi kimoja nyuma kilikuwa cha majeshi na maabara sasa kinabebwa kwa pikipiki.

Lakini vipimo vya Manhattan havituambii mwale wa gigahezi 28 unafanya nini kati ya mabati ya Mathare au Manzese, wala chini ya mvua ya masika pale Tanga. Mabati hurudisha mawimbi kwa namna yake, na mvua kubwa huyameza. Nyinyi mnaofundisha na kusoma uhandisi wa mawasiliano katika vyuo vyetu, ombeni paa. Wekeni nodi mbili, kisha nne. Redio zinazoongozwa kwa programu zinauzwa, na mnara wa kwanza unaweza kuwa bomba la chuma lililofungwa vizuri na kuwekewa waya wa radi. Ombeni kibali cha masafa kwa mamlaka ya nchi yenu, pimeni mwaka mzima, kiangazi na masika, kisha mchapishe kila kitu, pamoja na kilichoharibika.